Koti la Sanamu

Nzilani wa gredi ya nne haongei sana, lakini mwambie atengeneze kitu kwa mikono yake, utashangaa. Muhula huu mradi wetu ulikuwa sanamu za kufukuza ndege kwenye shamba la shule, hapa Gatuanyaga. Yake ilikuwa kali kuliko zote: kichwa cha gunia, tumbo la nyasi, na koti kuukuu la baba yake wa kambo.

Siku ya maonyesho alikuwa akiwaeleza wenzake alivyoitengeneza. Mara baba huyo akaingia na pikipiki hadi katikati ya mahindi. Mimi mwalimu wao hata salamu hakunipa.

"Nani alikwambia ushike koti yangu?" Akamzaba kofi, mtoto akaanguka.

Nzilani aliinuka, mdomo unatoka damu. "Halafu mikono nilitumia mti," akaendelea kueleza.

Yule baba akampiga teke la tumbo. Nikamrukia nikipiga mayowe, naye akanisukuma nikaanguka chali.

Ndipo Nzilani aling'oa ule mti na kumchapa nao magotini. Mumo, anayekaa naye dawati moja, aling'oa wake. Kabla sijasimama, darasa zima lilikuwa limeng'oa sanamu na kumtandika kichwa, mgongo, kila mahali. Alitoroka kwa miguu, pikipiki akaiacha, koti pia.

Mwalimu mkuu anataka niandike nani alianza. Nimekataa. Nilichojaza ni fomu ya mradi tu. Kwenye sehemu ya ushirikiano, watoto wote thelathini nimewapa alama ile ile, ya juu kabisa: wamezidi matarajio.