Mzoa taka aliyemkuta babu katika daftari la jumba la maskini

Saa kumi na mbili na robo asubuhi, lori la taka linarudi kinyumenyume katika Mtaa wa Tannery, mjini Marfleby. Clive Thackwray analivuta pipa la nyumba namba tisa, analipachika nyuma ya lori, kisha anapaza sauti ishinde mngurumo wa mashine.

"Wes! Nimeshakwambia kuhusu kile kifungu cha mkataba wa babu, kinachokataza karata?"

"Mara nne tangu Jumatatu," anajibu dereva, Wes Odling, akichungulia dirishani. "Sema tena, labda leo nitalia."

Clive, mwenye umri wa miaka 53, amezoa taka za mji huu kwa miaka ishirini na tisa. Goti la kulia limeanza kumsumbua. Mshahara wake, pauni 1,900 kwa mwezi baada ya makato, humezwa na kodi ya nyumba na gesi. Hata hivyo, tangu Februari anatembea kama mtu aliyeshinda bahati nasibu.

Amempata Enoch.

Enoch Thackwray alikuwa babu wa baba yake. Katika familia hadithi yake ilikuwa moja tu: mtoto wa nahodha wa meli, aliyeachwa yatima na kulelewa na watu wa heshima. Clive alitaka kujua jina la meli hiyo, basi. Siku zake za mapumziko akawa anapanda basi kwenda hifadhi ya nyaraka.

Meli hakuiona. Alichokiona ni daftari la mwaka 1872 la jumba la maskini, mahali ambapo wasio na kitu walipewa kitanda na uji kwa kufanyishwa kazi. "Enoch, miaka minne. Mama: Susannah, dobi." Mtoto aliwekwa upande wa watoto, mama upande wa wanawake. Walionana Jumapili, kwa saa moja.

"Nikasema kwa sauti, 'Huyu ni wetu!'" anasimulia. "Mhudumu akaniashiria ninyamaze. Nikamwambia, dada yangu, huyu nimemngoja miaka hamsini, niache niseme."

Jioni ile ile alimpigia simu shangazi yake, Hilda, mwenye miaka 86, mtu pekee aliye hai ambaye aliwahi kumwona Enoch.

"Shangazi, hakukuwa na meli. Alilelewa jumba la maskini."

"Nani kakutuma huko?"

"Hakuna. Nimesoma kwa macho yangu."

"Basi yafumbe hayo macho. Sisi hatukutoka huko."

Simu ikakatwa. Kwa wiki sita Hilda hakupokea nyingine.

Clive aliumia, lakini hakuacha. Mwezi Machi, kule hifadhini, akafunguliwa bahasha yenye mkataba wa uanagenzi wa mwaka 1882. Mfuko wa hisani ulioachwa na mjane mmoja, Bi Amphlett, ulilipa pauni kumi na mbili ili Josiah Brackenbury, fundi wa magurudumu ya mikokoteni, amfundishe Enoch kazi kwa miaka saba, amlishe na kumvika. Enoch naye aliahidi kutooa, kutocheza karata na kutokanyaga baa.

"Miaka saba bila baa?" anadakia Wes. "Huyo si mwanagenzi, huyo ni mtawa!"

Clive hacheki. Anakumbuka sahihi iliyokuwa chini ya ukurasa. "Niliogopa nitakuta alama ya msalaba, kama ya mtu asiyejua kuandika. Nikakuta jina zima. Wino ulimdondokea kwenye herufi ya kwanza, akaendelea tu."

Akaanza kuulizia ule mfuko uliishia wapi. Kumbe haukuisha. Katibu wake, Bi Philippa Maddison, mwalimu mstaafu, alimpokea kwa chai na habari mbaya: kwa miaka kumi na mmoja hakuna aliyeomba msaada, na Alhamisi ya wiki iliyofuata wadhamini wangepiga kura kuufunga.

"Umewahi mazishi," alimtania.

Clive aliomba kuusoma wosia wa mjane. Aliusoma mara tatu. Mfuko ulikuwa wa "maskini yeyote mzaliwa wa Marfleby asiye na ufundi mkononi." Umri haukutajwa popote.

"Nikahesabu kwa vidole," anasema. "Mzaliwa, ni mimi. Maskini, muulize mwenye nyumba wangu. Ufundi sina. Nikamwambia Bi Maddison, nipe fomu!"

Alhamisi ikafika. Katika ukumbi wa kanisa, wadhamini watatu walikaa nyuma ya meza yenye birika la chai na keki ya ndimu. Mmoja wao, Bwana Ruddock, alivua miwani.

"Kwa heshima zote, Bwana Thackwray, una miaka hamsini na mitatu."

"Mjane hakuniuliza umri. Unayeuliza ni wewe."

"Na huyo babu yako? Karatasi ni karatasi tu. Nani anajua kama ule msaada ulimfaa?"

"Mimi najua."

Wote waligeuka. Shangazi Hilda alikuwa mlangoni, ameegemea fimbo yake, koti la kanisani limefungwa vifungo vyote. Wes ndiye aliyemweleza habari za mkutano, asubuhi alipokwenda kuchukua pipa lake.

"Babu alikuwa akinipakata," alisema. "Mpaka anakufa, mfukoni hakukosa kipande cha mkate. Aliniapisha niseme baba yake alikuwa nahodha. Hakukuwa na nahodha. Kulikuwa na mama aliyefua nguo za watu, na mtoto aliyemwona saa moja kwa wiki. Magurudumu ndiyo yaliyomtoa huko. Watoto sita walikula kwa magurudumu yale, na baba yangu mmojawapo. Nimeuma ulimi miaka sabini na sita. Leo basi."

Clive anasema hakumbuki alivyovuka ukumbi. Anakumbuka tu kwamba shangazi alimnong'oneza, "Usinilize mbele za watu, wewe."

Mikono mitatu ilinyanyuka. Wa Bwana Ruddock ulichelewa kidogo, lakini ulinyanyuka. Mfuko haukufungwa, na Clive akapewa pauni 3,400 za vifaa na mafunzo.

Mwalimu wake atakuwa Morwenna Tiplady, 61, fundi wa magurudumu katika kijiji cha jirani. "Niliposikia ni mzee mwenye goti bovu nilicheka," anasema. "Halafu nikamwona akinyanyua pipa lililojaa. Nikasema, mleteni haraka."

Ataanza Jumamosi ya kwanza ya Juni, huku akiendelea na lori siku nne kwa wiki. Mpango wake ni kutengeneza, ndani ya miaka mitatu, mkokoteni kamili kwa mikono yake mwenyewe, ampandishe shangazi na kumkokota katikati ya mji siku ya gwaride la mavuno, watu wote wakiona.

Nilimpelekea Hilda habari hiyo jikoni kwake. Alimimina chai, akatafakari.

"Miaka mitatu? Nina themanini na sita mimi. Mwambie ajifunze upesi."