Starlet Isiyo na Viti

Wolfgang alikuwa kitinda mimba, na katika ukoo wao kule Daudi, kijiji cha milimani Mbulu, kitinda mimba ndiye anayebaki na nyumba ya wazazi. Yeye alikuwa ameondoka kama kaka zake. Alikuwa fundi Arusha, kwenye gereji iliyoandaa magari ya mashindano. Alirudi kumzika baba. Baada ya mazishi kaka zake walipanda basi, wakamwacha uani na mama yao, Fransiska, ambaye alikuwa haoni vizuri tena.

Hakuna aliyemwambia abaki. Hakukuwa na haja.

Akalima mahindi, akakamua ng'ombe, akatengeneza pikipiki za majirani. Lakini alikuwa na gari kuukuu, Starlet, alilokuja nalo, na aliposikia kwamba Katesh kunaandaliwa mashindano, usingizi ulimpotea. Magari mawili, lami iliyonyooka, mita mia nne, anayetangulia ndiye mshindi.

Alianza na uzito. Aling'oa makapeti, tairi la akiba, na viti vyote isipokuwa cha dereva. Akarekebisha kabureta ipunguze petroli, maana huku juu hewa ni nyepesi na injini ilikuwa inakunywa kuliko inavyoweza kuchoma. Akafunga klachi mpya. Shida ikabaki moja: Starlet inavutwa na magurudumu ya mbele, na ikiondoka kwa nguvu inakaa kitako nyuma, ya mbele yanateleza bure. Kwa hiyo nyuma akaweka springi ngumu, ngumu kama za lori.

Siku moja Fransiska alikuja akapapasa ndani ya gari.

"Sasa mimi nitakaa wapi?"

"Mama, hili ni la mashindano."

"Na kanisani?"

"Tutapanda boda."

Mama akarudi ndani akipapasa ukuta.

Siku ya mashindano Wolfgang alimwomba jirani yao, Monica, akae na mama. Kule Katesh alipangwa na Seifu, mwenye gereji ya hapo mjini, aliyekuwa na gari lenye injini kubwa zaidi. Bendera iliposhuka Starlet haikuteleza hata kidogo. Ilichomoka. Gari la Seifu lilibaki likitoa moshi wa matairi, na lilipoanza kukaribia, Starlet ilikuwa imeshavuka mstari. Wolfgang alipiga kelele peke yake mle ndani. Tangu arudi Daudi hakuwahi kusikia sauti yake ikiwa hivyo.

"Fundi, umeweka nini humo?" Seifu aliuliza.

"Sijaweka. Nimetoa."

Seifu akacheka. "Njoo kwangu. Chumba kipo, kazi ipo. Tunakwenda kushindana Arusha, na nataka wewe ndiye uandae magari."

Njia nzima akipanda kurudi Mbulu, Wolfgang alikuwa akipanga maneno ya kumwambia mama. Monica angehamia kwao. Yeye angekuja kila Jumapili.

Alimkuta Monica amesimama barabarani.

"Mama ameanguka. Alitoka kumfunga ndama, akateleza."

"Mbona hukunipigia?"

"Nimepiga mpaka nimechoka. Hupokei."

Simu ilikuwa mfukoni mwa koti alilolivua kabla ya kushindana.

Walimlaza Fransiska kwenye godoro ndani ya Starlet, pale viti vilipokuwa. Kila shimo springi zilimrusha. Mwanzo alilia kwa sauti, baadaye akauma shuka. Wolfgang aliendesha polepole kuliko mtu anayetembea kwa miguu, huku jasho likimtiririka katika baridi ile.

Hospitali walisema nyonga imevunjika, na hatatembea tena bila kushikwa.

"Ulishinda?" mama aliuliza kitandani.

"Nilishinda, mama."

"Nikifa utakwenda."

"Usiseme hivyo."

Lakini kule mlimani, kabla ya kumkuta Monica, wazo hilohilo lilikuwa limempitia, na hakulifukuza. Sasa alishindwa kumtazama usoni, japo alijua mama hamwoni vizuri.

Walipotoka hospitali alirudisha viti na springi za zamani. Asubuhi moja, akimgeuza mama ubavu, simu iliita. Alikuwa Seifu.

"Fundi, tunaondoka wiki hii. Vipi?"

"Siwezi."

"Basi msimu ujao?"

Wolfgang alitazama kitandani. Mkono wa mama ulikuwa umemshika kiganjani, na haukulegea.

"Nani huyo?" mama aliuliza.

"Mtu wa Katesh," akasema, akakata simu, akavuta mto ili amwekee mgongoni.