Kibuyu cha Cucu Ciarunji na Lenzi Isiyokifaa

Mwanangu, ile Jumatano naikumbuka mpaka leo, na kila ninapoikumbuka najikasirikia upya. Labda ningekuwa nimeshaisahau kama nyinyi vijana hamngenikumbusha kila wiki. Anakuja mmoja na mashine ya leza aliyoagiza kwa simu, hajui hata kilichomo ndani yake, ananiita kama babu yake, "Guka, nipe tu seting moja ya vitu zote." Ya vitu vyote! Ngozi, kioo, mbao, chuma! Huwa navua miwani na kujifuta uso kwanza, maana nikimjibu papo hapo nitamtukana mtoto wa watu.

Lakini niseme ukweli, nami nilikuwa hivyo hivyo. Ndiyo kwanza nilikuwa nimeleta mashine yangu Embu, nikaifunga kwenye chumba cha mbele cha nyumba niliyopanga mtaa wa Majimbo. Nilichonga vibao vya mbao vya shule na makanisa, herufi zikatoka safi, nikavimba kichwa. Fundi aliyeniuzia alikuwa amenipa lenzi mbili, fupi na ndefu, roli za kuzungushia vitu vya mviringo, na pampu ya kupuliza hewa pale leza inapochoma. Alinieleza kazi ya kila kimoja. Mimi nikaiacha lenzi fupi mahali ilipokuwa, roli nikazisukuma chini ya kitanda, na pampu nikamwazima shemeji yangu akapulizie geti lake rangi. Nilijiona mjanja kweli.

Ndipo Jumatano hiyo akaja Cucu Ciarunji, mama mzee kutoka Kiambere, amefunga kibuyu kwa leso. Kilikuwa cha mama yake. Mjukuu wake Wawira alikuwa anaolewa na watu wa Kibirichia, na wiki iliyofuata wakwe wangekuja kuleta mahari. Kwa desturi ya nyumba yao, uji wa kwanza wa wakwe humiminwa kutoka kwenye kibuyu hicho, kisha binti anayeolewa hukichukua kikawa chake. Cucu alitaka jina la Wawira liandikwe.

"Weka hapa kwa tumbo yake," aliniambia. "Lakini pole pole. Hii kitu imekunywa maziwa miaka mingi."

Unaona? Alinionya mwenyewe kwamba kibuyu kimejaa mafuta! Na masikio ninayo.

Nikakitegemeza kwa magazeti, nikawasha. Sasa, lenzi fupi huchonga vizuri kitu bapa, lakini tumbo la kibuyu limepinda. Herufi za katikati zikaonekana, za pembeni zikawa ukungu mtupu. Mtu mwenye akili angezima pale pale, aweke lenzi ndefu, avute roli ili kibuyu kizunguke na kila herufi ipate zamu yake mbele ya mwanga. Mimi nikaongeza nguvu. Nikarudia mara ya pili, nikarudia ya tatu. Katikati pakatoboka, mafuta yakashika moto, na hewa ya kuuzuia moto usishike ilikuwa kwa shemeji, inapaka geti. Nilipomaliza kuuzima kwa kitambaa kibichi, kibuyu kilikuwa na tundu la kupitisha vidole viwili.

Cucu alirudi saa kumi. Alikishika, akakigeuza, akaingiza kidole kwenye tundu. Hakupiga kelele, na ningeshukuru kama angepiga.

"Uliangalia hii kibuyu kabla uweke moto?"

"Niliangalia, cucu."

"Hapana. Wewe uliangalia mashine yako." Akakifunga tena. "Siku ya wageni utakuja. Utawaambia wewe mwenyewe kwa nini wanakunywa kwa jagi."

Nilikwenda, mwanangu. Nilisimama mbele ya wazee wa pande zote mbili nikaeleza, huku Wawira akimimina uji kutoka kwenye jagi la plastiki, machozi yakimtoka na mikono haiwezi kuyafuta. Mzee mmoja wa Kibirichia aliniuliza kwa upole, "Na hiyo mashine haikuwa na kifaa ya kazi kama hii?"

"Ilikuwa nacho."

"Kilikuwa wapi?"

"Chini ya kitanda."

Wawira aliweka jagi chini, akaingia ndani. Aibu ile sijapata nyingine ya kufanana nayo.

Kwa hiyo usinisumbue tena na seting moja. Anza na kitu kilicho mkononi mwako, kikune, kinuse, uliza kilitumika kufanyia nini, halafu ndiyo uchague cha kufunga kwenye mashine. Mbao, ngozi na plastiki ngumu angavu kama kioo, leza ya tyubu ya gesi inaziweza. Ile leza ndogo ya mwanga wa bluu mnayoinunua kwa sababu ni rahisi, mwanga wake hupenya plastiki angavu ukaenda kuchoma meza. Chuma kitupu kitafutie leza ya faiba, ile ya uzi wa kioo, la sivyo utapasha hewa joto tu. Herufi ndogo juu ya kitu bapa, lenzi fupi. Kilichopinda, lenzi ndefu na roli. Pampu ya hewa usimwazime mtu, hata akiwa shemeji! Na plastiki ya mabomba ya maji usiiguse kabisa, moshi wake ni sumu, nimeshawaambia mpaka sauti imenikauka. Usipojua kitu kimetengenezwa kwa kitu gani, jaribu kwenye kipande cha kutupa. Kama hakina kipande cha kutupa, mwambie mwenye kitu kwamba huwezi. Kusema huwezi hakuna aibu. Aibu ninaijua mimi ilivyo.

Haya, nenda. Mungu akupe subira niliyoikosa, akutulize mikono, akuzidishie wateja. Na kila mama atakayekukabidhi kitu chake cha pekee, ajaliwe kukipokea kizima.