Doa Kwenye Kiki

Mtaani wanamwita Kidole, jina lisilomfaa sana mwanamke wa makamo mwenye karakana yake, lakini amelizoea. Alipewa na baba yake, fundi wa kuchovya vyuma kwenye nikeli, siku alipoharibu ringi ya taa ya pikipiki ya mteja. Chuma kikishatoka kwenye asidi hakiguswi kwa mkono mtupu, maana mafuta ya ngozi hubaki, na nikeli haishiki pale. Yeye aligusa. Ringi ikatoka inang'aa kote, isipokuwa doa moja lenye umbo la kidole, na mzee akawasimulia wateja kisa hicho hadi jina likaganda.

Sasa mzee amesahau. Si jina tu, amemsahau na mwenyewe. Humwita "dada", humshukuru kwa chai kama mgeni mwenye adabu, na jioni huuliza atarudishwa kwao saa ngapi. Kidole si mtu wa machozi ya karibu, ila swali hilo linamuuma, na hafichi.

Ndiyo maana akaitoa stoo pikipiki ya zamani ya mzee. Alijiambia kwamba mzee akiiona kama ilivyokuwa, atamkumbuka na mtoto aliyekuwa akipanda mbele yake, juu ya tangi. Kaka yake, ambaye kazi yake kubwa ni kutoa maoni, alisema anatwanga maji kwenye kinu. Alijibiwa kwamba kinu si chake.

Alifungua boliti moja moja, akavua nikeli kuukuu, akasugua kwa msasa hadi mikono ikafa ganzi. Vipande akavitundika kwa waya wa shaba, vikaoga sabuni ya moto, vikapita kwenye asidi, vikazama kwenye beseni la nikeli. Vyote vilitoka safi. Ikabaki kiki, ile fimbo ya kuwashia kwa mguu. Ilikuwa imeshatoka kwenye asidi mzee alipoingia karakanani, vifungo vya shati vimekwenda kombo. Kidole akavua glavu, akamfunga upya, akamkalisha kwenye benchi. Kisha akaichomoa kiki kwenye maji ya kusuuzia, akaitundika kwenye nikeli. Glavu zilikuwa bado mezani.

Alipoitoa, doa lilikuwa pale, pana, halina haya. Alitaka kuirudia, lakini kaka yake akasema aifunge doa likitazama injini, nani atachungulia huko. Akakubali kwa shingo upande.

Siku ya kuionyesha, waliileta uani. Mzee akaizunguka, mikono nyuma. Alisema ni pikipiki nzuri, akauliza ni ya nani. Kidole akamwambia ni yake. Mzee akatikisa kichwa kwa upole, kama anayekataa zawadi kubwa mno. Kaka mtu akatazama chini.

Halafu mzee akachuchumaa, mazoea tu ya kazi. Akapapasa ekzosi, akaja kwenye kiki, akaupeleka mkono upande wa injini, kule ambako mafundi huficha makosa. Mkono ukasimama. Akainama kutazama, akakunja uso.

"Kidole," alisema bila kugeuka, "nimekukanya mara ngapi?"

"Mara nyingi, baba."

"Na glavu zipo."

"Zipo, baba."

"Ivue hii. Irudie."

Kidole akachukua spana, akapiga magoti kando ya baba yake, akaanza kuifungua taratibu, akiombea boliti ikatae kutoka.