Nilivyotuliza stesheni tatu za Kwale zilizokuwa zikikabana kwenye chaneli moja

Wakuu, asalaam aleikum, na Bwana asifiwe kwa wenzetu. Wakubwa wangu shikamooni.

Mimi nilikuwa nikijigamba kwamba duniani hakuna jambo la redio litakalonishangaza. Mtoto wa Taru, darasa la tano, niliacha mbuzi wa baba nikaja Ukunda kujifunza ufundi kwa kuharibu redio za watu. Mwisho wa miaka ya tisini, mlingoti ukiuona Diani au Msambweni, jua mkono wangu umepita. Ninayoyaandika ni kweli tupu, aliyekuwepo na abishe.

Enzi hizo simu ya mkononi ilikuwa ya wenye vitambi. Biashara ziliongea kwa redio call.

Matajiri watatu walichanga wakalipia chaneli moja: mwenye hoteli Diani, mnunuzi wa korosho Msambweni, na Mzee Mutua wa Shimba Hills, mwenye malori ya machungwa. Nikawafungia mitambo yote mimi.

Ikawa balaa! Diani akimwita dereva wake Likoni, Shimba Hills yumo ndani. Siku moja machungwa yalishushwa hotelini na wageni wakasahaulika ferini.

Mzee Mutua akaniita mbele ya wenzake. "Wewe fundi, mwisho Ijumaa. Tukiendelea kukabana, ng'oa vyuma vyako. Injinia wa Mombasa yuko tayari."

Kazi tatu na jina langu, vyote viondoke kwa mpigo? Thubutu.

Dawa niliijua. Ukisimamisha antena mbili karibu, kebo ya moja ukairefusha kidogo, mawimbi yanajumlishana upande mmoja na kufutana upande mwingine. Yaani unachagua nani akusikie na nani asikusikie, na wewe vilevile humsikii.

Nikafunga antena mbili mbili kote. Diani nikainyamazisha kwa Msambweni. Safi!

Kumbe nguvu yote imemwagikia Shimba Hills. Nikapanda pikipiki, nikatengeneza Shimba Hills, kelele ikahamia Msambweni. Nikaenda Msambweni, Diani wakaanza kulia.

Siku tatu nilizunguka hivyo. Hapo, wakuu, nilishangaa.

Alhamisi nilifika Msambweni mdomo umekauka. Pale redioni alikaa Bi Mwanasha, mama wa Kidigo, maneno yake hayana breki.

"Fundi, wewe watutengeneza mmoja mmoja kama wagonjwa, na ugonjwa wetu ni mmoja. Hapa wasikia kwa sikio langu tu. Kwa la Diani utasikiaje?"

"Sasa wataka nifanyeje, bibi?"

"Kila mtu arekebishe kwake, kidogo kidogo, kwa zamu. Anayeumizwa aseme. Wewe kaa hapo unywe chai."

Iliniuma, lakini nikatoa koleo.

Nikakata vipande vya kebo vifupi, vyenye urefu wa kidole, vya kuunga na kutoa. Nikavigawa kote na kurudi Msambweni. Diani akaongeza kipande kimoja akauliza, "Nani ameumia?" Shimba Hills akajibu, "Mimi, rudisha." Akarudisha. Ikaja zamu ya Shimba Hills, akatoa kimoja, hakuna aliyelia, akaacha hivyo. Kisha sisi. Tukazunguka, na kila mzunguko malalamiko yanapungua, hadi mtu akiuliza hapati jibu. Maana hata swali lenyewe halimfikii mtu tena!

Nikaenda kwa pikipiki kuhakikisha. Kimya kote.

Ijumaa matajiri wakasimama hotelini pamoja na injinia. Stesheni zote tatu zikaita madereva wao kwa wakati mmoja. Yule wa Diani akajibiwa kutoka Likoni, sauti kama yuko jikoni.

Injinia akazunguka mlingoti mara mbili. "Umesomea wapi?"

"Taru, nyuma ya mbuzi."

Mzee Mutua akacheka mpaka akashika ukuta. Injinia akafunga mkoba wake, na kazi zote tatu zikabaki kwangu.

Juzi nimesoma humu mtu akieleza minara ya simu: antena nyingi, kila mnara unajirekebisha wenyewe huku ukichunga usimpigie jirani kelele. Anaiita distributed beamforming. Nikacheka peke yangu.

Funzo: ukitengeneza chako, muulize jirani kama umemwumiza, kisha mpe nafasi ya kujibu. Mnaobisha karibuni, na mafundi wenzangu mseme mlipambanaje na kelele enzi zenu.

Na wale wa kuuliza gharama: injinia aliwatajia matajiri laki mbili. Mimi, kebo, petroli na kanga ya doti moja niliyompelekea Bi Mwanasha, jumla ni shilingi 2,385.