Upepo Ndani ya Katapila

Injini ya dizeli haina plagi. Jambo hilo lilinitia maringo miaka ile ya Ujamaa, nilipokuwa dereva wa katapila tukichonga barabara kutoka Tabora kupitia Ntalikwa kwenda kwenye kijiji kipya. Nilipenda kuwaeleza wanakijiji kwamba ndani ya mashine ile cheche haihitajiki: pistoni inaibana hewa mpaka inakuwa ya moto kupindukia, nozeli inapuliza dizeli kama manyunyu, na dizeli inawaka yenyewe. Walinisikiliza kwa adabu. Nadhani walinivumilia tu.

Kila asubuhi, kabla ya kuwasha, nilitakiwa kutumbukiza kijiti kwenye tangi nione dizeli imebaki kiasi gani. Siku moja sikukitumbukiza. Jioni iliyotangulia, bibi mmoja mkongwe alikuwa amesimama mbele ya katapila akanikataza kupita juu ya kaburi la mama yake. Nilimjibu kwamba vigingi vya barabara vimeshapigwa na kesho napita. Basi nikadamka na hasira zangu, nikapanda moja kwa moja. Hatua chache kabla ya kaburi injini ikakohoa, ikazima.

Nilijua papo hapo kwamba tangi limekauka. Na dizeli ikikatika, hewa huingia kwenye mabomba. Hata ukijaza tangi, pampu inasukuma hewa tu na nozeli haitoi kitu. Mafundi wa mtaa wa Ng'ambo, pale Tabora, walionifunza kazi walikuwa na neno lao kwa ugonjwa huo. Mwenyekiti wa kijiji aliponiuliza kulikoni, nikalitumia.

"Imeingiwa na upepo."

Nilisema kweli, lakini nusu. Kijiti sikukitaja, kwa sababu msimamizi wetu alikuwa ameapa kwamba dereva atakayekausha tangi atashushwa apewe sepetu.

Nikakaa kusubiri dizeli iletwe, huku neno langu likitembea. Kwao upepo ulikuwa kitu kingine kabisa, kitu kinachotumwa na mtu, na kila mmoja alikuwa na jibu la nani kautuma. Kufika mchana watu walikuwa wamejaa, na bibi amekaa chini peke yake karibu na kaburi. Mwenyekiti akaninong'oneza kwamba wamekubaliana ahame leo leo, hawawezi kuishi na mchawi. Alisema kama mtu anayenifanyia hisani.

Niliona aibu. Dizeli ilikuwa imefika, na msimamizi kasimama pale pale. Nikawaambia wote kwamba tangi nimelikausha mimi, sikupima. Kisha nikamwomba bibi asogee karibu. Nilijaza tangi, nikalegeza nati juu ya filta, nikamwonyesha pampu ya mkono, naye akasukuma. Povu likatoka, watu wakarefusha shingo, halafu povu likaisha ikabaki dizeli tupu. Nikakaza nati, nikatoa hewa kwenye nozeli pia, nikawasha. Injini ikanguruma.

Bibi akafuta mkono kwenye kanga.

"Kumbe upepo wenyewe ni wako, mjukuu wangu."

Watu wakacheka. Mwenyekiti naye alicheka, ingawa si mara moja.

Nilishika sepetu mpaka mvua zilipoanza. Msimamizi aling'oa vigingi vile, barabara ikakwepa kaburi. Kila asubuhi bibi alinipitia na michembe, vile viazi vikavu, kwenye kitambaa. Nikimwamkia shikamoo, anajibu, "Marahaba, Bwana Upepo," na kijiji kizima kikaiga. Wakati ule nilikasirika sana.

Kona ile ipo hadi leo, na madereva vijana huilalamikia, maana hawajui inakwepa nini. Mimi nikifika pale nasimamisha gari. Makaburi sasa ni mawili. Natoa shikamoo yangu, na ingawa najua hakuna wa kuitikia, bado masikio yangu yanalisubiri lile jina.