Pistoni Niliyoihukumu Jordbro

Injini ya kigari cha mashindano cha Bahati, kile kidogo cha kuongozwa kwa rimoti, ilichemka kupita kiasi, akaniletea kwangu kitongojini Jordbro, kwa kuwa mimi ndiye profesa wa injini niliyejifundisha mwenyewe. Nikafungua plagi, nikamulika ndani kwa tochi, kisha nikaizungusha injini kwa kidole. Ilizunguka laini, bila kubana hewa hata kidogo.

"Pistoni imelika," nikatangaza. "Wavivu wasiosoma ndio wauaji wa injini."

Bahati akapiga simu kwa unyonge, akajitoa kwenye mashindano ya kesho. Nami nikaendelea kumhutubia, nikimtikisia ngumi.

Mkewe, aliyekuja naye, akaniuliza, "Papa Elia, shimo ya plagi iko wazi. Sasa hewa itabanwa na nini?"

Nikafungua ngumi. Plagi ilikuwa humo.